Nipe Mji: Tamthilia za Kichina na Wateguzi wa Mkwiro

Simu iliegemezwa kwenye mtungi wa maji, na mbele yake tulikaa watu wanane juu ya mkeka mmoja, kijijini Mkwiro, kisiwani Wasini. Nje kusi ilikuwa ikivuma tangu alfajiri. Mashua zilikuwa zimevutwa juu, na wavuvi walioshindwa kutoka walikuwa barazani wakingoja bahari itulie. Katika kioo kile kisichozidi kiganja cha mkono, kijana wa Kichina aliyevaa joho refu alikuwa safarini akirudi mji mkuu. Aliyefuatana naye ni mtu ambaye yeye mwenyewe alimtoa kifungoni ugenini. Mtu huyo akachomoa upanga, akamchoma. Picha ikaishia hapo. Msimu wa kwanza umekwisha.

Shangazi yangu alijipiga paja. "Amekufa?"

Binti yake, mwanafunzi wa sekondari aliyerudi likizo, aliichukua simu akaificha mgongoni. Msimu wa pili alikuwa nao. Aliupakua Shimoni kabla ya kuvuka kuja kisiwani. Lakini hakuufungua. "Kwanza kila mtu ategue," alisema. "Atakayeshindwa anipe mji."

Ukumbi ukachangamka. Mjomba, ambaye ni mvuvi, hakutaka hata kufikiri. "Stelingi hafi," alisema, na kwake mambo yakawa yamekwisha. Ni kanuni aliyoipata katika vibanda vya video alipokuwa kijana, na haijamwangusha mara nyingi. Shangazi alisema mwenye upanga amehongwa na mtoto wa mfalme. Kijana mmoja, fundi wa mashine za boti, alidai kwamba chini ya joho mna ngao ya chuma.

Bibi alikuwa akisuka ukili kimya. Umri wake umepita miaka 80, Kiingereza hajui na Kichina hajui. Hadithi yote alikuwa akiipokea kwa mdomo wa mjukuu wake. Akauliza, "Hapo walipo na mji wao ni mbali?" Akaambiwa si mbali sana, wako njiani kurudi. "Basi habari ya kifo itafika mjini kabla ya maiti," alisema. "Nani atafurahi akiisikia? Huyo atakayefurahi ndiye wanayemtafuta. Hao wawili wameelewana."

Msichana alimtazama bibi yake kwa muda, kisha akacheka, akaiegemeza tena simu kwenye mtungi na kuufungua msimu wa pili. Bibi alikuwa amepatia. Kifo kilikuwa cha uongo, na kilipangwa ili kijana aingie mjini kwa siri hali maadui zake wakiamini amekwisha kufa.

Miaka minne ya kungoja

Tamthilia yenyewe kwa Kichina ni Qing Yu Nian, na wengi mitandaoni huijua kwa jina la Joy of Life. Ilitokana na riwaya ndefu ya mwandishi Mao Ni. Msimu wa kwanza ulianza kuonyeshwa Novemba 2019, na ukaishia kwenye upanga ule. Msimu wa pili ulitoka tarehe 16 Mei 2024. Kile ambacho Mkwiro tulikitegua kwa nusu saa, watazamaji wa China walikaa nacho rohoni kwa zaidi ya miaka minne.

Katika muda huo watu hawakunyamaza. Waliosoma riwaya walijiona wana ufunguo, lakini tamthilia ilikuwa imebadilisha mengi kutoka kitabuni, hata wao wakawa hawana hakika. Wengine walirudi nyuma kuchunguza kila sehemu tangu mwanzo, wakitafuta neno lililosemwa kwa haraka au mtu aliyesimama mahali pasipomstahili. Na juu ya swali la upanga lilikuwako swali kubwa zaidi, linalobeba hadithi nzima: nani alimuua mama yake Fan Xian, kijana huyu mwenye hadithi? Mama huyo ndiye aliyeianzisha idara ya upelelezi inayotetemesha nchi, na kila aliyemjua ana jambo analolificha. Wabashiri wengi macho yao yaliinuka taratibu, kutoka kwa mawaziri hadi kwa wana wa mfalme, mpaka kwenye kiti cha enzi chenyewe.

Msimu wa pili ulipofika, ulileta pia malalamiko. Yan Bingyun, yule mwenye upanga, katika msimu wa kwanza aliigizwa na Xiao Zhan, mmoja wa vijana wenye wapenzi wengi kabisa China. Katika msimu wa pili nafasi yake ilichukuliwa na Wu Xingjian. Wapo waliokataa kumpokea mgeni, na wapo waliomzoea baada ya sehemu chache. Kwetu ukumbini jambo hilo lilisimamisha hadithi.

"Huyu ndiye aliyechoma?" bibi aliuliza.

"Ndiye, bibi. Mtu ni yule yule, mwigizaji ndiye mwingine."

"Basi kila akiingia unambie ni yeye. Mimi nitamjua kwa maneno yake."

Naye akamjua kwa maneno yake kweli. Jambo hilo limenikaa moyoni, kwa sababu ndivyo hadithi zilivyotufikia siku zote katika pwani hii. Msimulizi mmoja alikuwa sultani, kijakazi, jini na sungura kwa usiku mmoja, na hakuna aliyelalamika kwamba sura haikubadilika.

Hata mchezo wa kutegua wenyewe ni wa kwetu. Anayesema "kitendawili" hujibiwa "tega", na anayeshindwa hudaiwa mji. Humpa Mombasa au Vanga, na mtegaji hukaa kwenye mji huo akijivuna kabla ya kutoa jibu. Watengenezaji wa tamthilia za misimu hufanya vivyo hivyo. Hutega, wakachukua mji, na jibu wakaliweka mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mtu wa Mkwiro hahitaji kufundishwa namna ya kutazama hadithi ya fumbo. Ameingia shuleni tangu akiwa mapajani mwa bibi yake.

Sauti iliyotangulia picha

Hatukuanza na simu. Zamani za kanda za video, Dar es Salaam alikuwako Lufufu, aliyezisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za asili za filamu hizo, na kanda zake zikasafiri. Kenya tulimpata DJ Afro, na mpaka leo wapo wasioweza kutazama filamu ya mapigano bila sauti yake. Watu hawa hawakutafsiri neno kwa neno. Walimpa mhusika jina la mtaani, wakamwonya kama jirani, wakamlaumu kama ndugu. Binti ya shangazi yangu anafuata nyayo zao bila kujua. Maandishi ya chini yapo kwa Kiingereza, lakini kinywani mwake ile idara kubwa ya Fan Xian inakuwa "upelelezi", na waziri mnafiki anakuwa "mzee wa kujipendekeza".

Njia rasmi ilifunguliwa mwaka 2011, televisheni ya taifa ya Tanzania ilipoonyesha kwa Kiswahili tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake. Haikuwa ya majoho wala panga. Ilikuwa ya nyumba, ndoa na mawifi, na ilipendwa mno. Rais Xi Jinping alipofika Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja katika hotuba yake. Kampuni ya StarTimes ilikuwa imekwisha kuingia Tanzania na Kenya na ving'amuzi vyake. Desemba 2015, katika mkutano wa China na Afrika uliofanyika Johannesburg, China iliahidi kufikisha televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika. Mwaka 2016 yakafanyika Tanzania mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili, na washindi wakapelekwa Beijing kuingiza sauti katika tamthilia.

Namkumbusha msomaji haya kwa sababu kazi ya kutia sauti ni kazi ya ufundi, na Pwani ina hazina ya mafundi hao. Mtu anayesema Kiswahili cha Wasini, cha Vanga au cha Lamu anajua namna mzee anavyomkemea kijana bila kumtukana, na namna mke wa bwana mkubwa anavyokataa jambo huku akisema ndiyo. Tamthilia za kale za Kichina zimejaa mazungumzo ya aina hiyo. Ikulu yao inanong'ona, na sisi tunajua kunong'ona.

Kilio kisicho na uchungu

Tulipomaliza safari ya Fan Xian, msichana alituonyesha tamthilia nyingine, na hii ndiyo iliyomshika bibi barabara. Ni Tang Chao Gui Shi Lu, yaani visa vya ajabu vya enzi ya Tang. Msimu wa kwanza, wa sehemu 36, ulitoka mwaka 2022. Wa pili, wa sehemu 40, ulitoka mwaka 2024 na kuwapeleka wahusika magharibi, kwenye njia za misafara na majangwa. Wa tatu, wa mwaka 2025, uliwarudisha Chang'an, mji mkuu. Waigizaji wakuu wa msimu wa kwanza walirudi katika wa pili, na hilo liliwafurahisha watazamaji kuliko hata visa vyenyewe. Waliona wamerudishiwa watu wao.

Wahusika wawili ndio nguzo. Mmoja ni jemadari kijana, Lu Lingfeng, mwepesi wa hasira na upanga. Wa pili ni Su Wuming, mtu mzima, mpole, mwenye kupenda kula na kuchelewa kujibu. Tamthilia inamweleza Su Wuming kuwa mwanafunzi wa Di Renjie, waziri wa kweli aliyeishi tangu mwaka 630 hadi 700 na kumtumikia Wu Zetian, mwanamke pekee aliyewahi kutawala China kwa cheo kamili cha kifalme. Visa vya Di vilisimuliwa karne nyingi. Mholanzi Robert van Gulik alikitafsiri kitabu kimoja cha visa hivyo mwaka 1949, kisha akaandika riwaya zake mwenyewe, na kwa njia hiyo dunia ikamjua Jaji Dee.

Kila kisa huanza na jambo la kutisha: bibi harusi anatoweka, mchoro unaonekana una uhai, mnyama wa mtoni anaabudiwa na kudai kafara. Watu wanakimbia, wanafunga milango, wanasema ni shetani. Su Wuming anafika, anauliza maswali madogo madogo, na mwisho chini ya shetani panaonekana nyayo za mtu mwenye tamaa, au mwenye kisasi, au mwenye aibu ya zamani.

Su Wuming hakubuniwa na watengenezaji wa televisheni. Yumo katika masimulizi ya enzi ya Tang yenyewe, na kisa chake nitakisimulia kwa maneno yangu, kwa sababu sijasikia kisa cha upelelezi kilichonigusa zaidi.

Binti mfalme Taiping aliibiwa vyombo vya thamani kubwa alivyopewa na Wu Zetian. Malkia alighadhibika, akawapa maofisa wa mji wa Luoyang siku chache tu wawapate wezi, la sivyo watajuta. Maofisa wakahaha. Su Wuming, aliyekuwa amefika mjini kwa shughuli zake, akaomba jambo moja ambalo hakuna aliyelitarajia: asiharakishwe. Akakaa zaidi ya mwezi mzima kana kwamba amesahau. Ilipofika siku ambayo watu wote huenda kuzuru makaburi, akawatuma askari milangoni mwa mji. Akawaambia wakiona kundi la wageni kama kumi waliovaa nguo za msiba wakielekea makaburini, wawafuate na kutazama wanavyolia.

Askari wakarudi na habari. Wageni wale walifika kwenye kaburi jipya, wakatoa sadaka, wakalia. Lakini kilio chao hakikuwa na uchungu. Kisha wakalizunguka kaburi, wakatazamana, wakatabasamu. Su Wuming akasema, wakamateni, fukueni kaburi. Jeneza likafunguliwa, na ndani yake hamkuwa na maiti. Vyombo vya binti mfalme ndivyo vilivyozikwa.

Alipoulizwa, alieleza kwamba siku aliyoingia mjini aliliona kundi lile likienda kuzika na akalishuku, ila hakujua kaburi liko wapi. Kilio kisicho na uchungu kilimwambia kwamba aliyezikwa si mtu. Tabasamu la kulizunguka kaburi lilimwambia kwamba mali bado imo. Na kama angeharakishwa, wezi wangeshtuka, wakatoa mali na kukimbia.

Nilipomsimulia bibi kisa hicho, aliuweka ukili chini. "Huyo amekaa matangani," alisema. Ni kweli. Pwani hii mtu hujulikana msibani. Kila mwanamke aliyewahi kukaa na wafiwa anajua nani amekuja na simanzi yake na nani amekuja kuhesabu vyombo. Elimu hiyo haijaandikwa popote, lakini ndiyo iliyomfanya mzee wa Mkwiro autegue upanga wa Fan Xian kabla ya sisi tuliosoma.

Bwana Msa alikuwa wetu

Usiku ule ilinijia haya kidogo, si kwa ajili ya Wachina bali kwa ajili yetu. Niliwauliza vijana waliokuwapo kama wanamjua Bwana Msa. Mmoja tu alikuwa amesikia jina.

Bwana Msa ni mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1918. Alifanya kazi ya afya miaka kumi kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti, na nadhani mazoea ya kukagua nyumba za watu yalimfaa sana alipoanza kuandika. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976 na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Ni riwaya sita za mtu mmoja na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Kwa lugha ya leo, hiyo ni misimu sita.

Tazama mwanzo wa ile ya kwanza. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa ameuawa mahali pa mzimu, mahali ambapo watu hupaogopa na kupapelekea sadaka. Wengi wangetosheka kusema mzimu umekasirika. Bwana Msa hatosheki. Anaingia katika nasaba, katika mirathi, katika maneno yaliyosemwa miaka mingi nyuma, na huko ndiko anakomkuta muuaji. Ndiyo njia ile ile ya Su Wuming: anayemtafuta mhalifu awatazame watu kwanza, ayaache majini baadaye.

Na sisi tunaishi mahali panapofaa hadithi hizo kuliko Chang'an ya kutengenezwa studioni. Kwale ina misitu ya kaya, na Kaya Kinondo ya Diani ni mojawapo ya zile zilizoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Shimoni ina mapango yaliyoupa mji jina lake, yenye kumbukumbu chungu ya utumwa. Karibu na Vanga yako magofu ya Vumba Kuu, iliyotawaliwa na madiwani wenye siwa na ngoma. Mkwiro yenyewe iko ncha ya mashariki ya kisiwa cha Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, na neno mkwiro kwa Kiswahili ni kijiti cha kupigia ngoma. Mwandishi wa tamthilia angetaka nini zaidi?

Mafumbo yaliyo chini ya miguu yetu

Asubuhi bahari ilikuwa imetulia kidogo. Mjomba alinichukua kwa mashua hadi kijiji cha Wasini, upande wa magharibi, kunionyesha jambo alilosema lahusiana na maneno ya usiku. Alinipeleka kwenye kaburi la kale lenye nguzo. Katika nguzo hiyo vimepachikwa vipande vya kaure ya Kichina. Nilikipapasa kimoja kwa ncha ya kidole. Chokaa iliyokizunguka ilikuwa ikikwaruza kama msasa, lakini kaure ilikuwa laini na baridi, mng'ao wake bado upo.

Kaure hiyo ilikuja na biashara ya bahari iliyo ya kale kuliko tunavyodhani. Vyombo vya enzi ya Tang, zikiwamo bakuli za Changsha, vimefukuliwa Manda na Shanga katika kaunti ya Lamu, na Unguja Ukuu pia. Mwandishi wa enzi hiyo hiyo, Duan Chengshi, aliyefariki mwaka 863 na aliyekuwa mkusanyaji mashuhuri wa visa vya ajabu, aliandika habari za nchi ya Bobali katika bahari ya kusini-magharibi. Alisema watu wake hawali nafaka, huwatoboa ng'ombe mshipa na kunywa damu yao pamoja na maziwa, na nchi yao hutoa pembe za ndovu na ambari. Wataalamu wengi huiona habari hiyo kuwa ya pande za Berbera, kaskazini ya pwani yetu. Kwa hiyo, katika vitabu vile vile vya maajabu ambavyo televisheni ya China inaviiga leo, Afrika Mashariki ilikuwamo tayari.

Mwaka 1998 wapiga mbizi wa majongoo ya bahari waliiona merikebu iliyozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Ilikuwa na vyombo vipatavyo 60,000, vingi vya Changsha, na bakuli moja ina tarehe inayolingana na mwaka 826. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba, kama mitepe ya wazee wetu. Nilipomwambia mjomba hayo, alichovutiwa nacho ni majongoo. Wapiga mbizi wa Kwale, kuanzia Gazi na Shimoni hadi Vanga, wanayazamia mpaka leo. Sisi hatuyali, hukaushwa na kusafirishwa hadi Asia ya Mashariki, na mlaji mkubwa ni China. "Kumbe hao waliopata merikebu walikuwa kazini kama sisi," alisema.

Lakini hapa ndipo tunapohitaji utulivu wa Su Wuming, kwani historia nayo ina wabashiri wenye haraka. Mwaka 2010 sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424, ilifukuliwa Mambrui, karibu na Malindi. Papo hapo wapo waliosema ni ushahidi kwamba baharia Zheng He alishuka pale. Huenda. Inajulikana kwamba twiga wa Malindi alifika kwa mfalme huyo mwaka 1415, na kwamba merikebu za Zheng He zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Ila sarafu hupita mikono mingi, na yaweza kufika mahali ambapo mwenyewe hakufika.

Vivyo hivyo kwa masimulizi ya Pate na Siyu, yanayosema mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa chombo walioa huko na kuacha kizazi. Mwaka 2005, miaka 600 baada ya safari ya kwanza ya Zheng He, msichana mmoja wa huko alipewa nafasi ya kusoma China kwa ajili ya masimulizi hayo. Wataalamu wa Kenya na China wakaanza kutafuta chini ya bahari mwaka 2010, lakini merikebu ya Zheng He haijapatikana. Masimulizi ya wazee yanastahili heshima na yanastahili kuchunguzwa, na mambo hayo mawili hayapingani.

Nani aliyechukua bakuli?

Niliporudi Mkwiro nilimweleza bibi kuhusu lile kaburi. Akasema alipokuwa mdogo watoto walikatazwa kucheza karibu na makaburi kama yale, kwani waliambiwa yana wenyewe. Kisha akaniuliza, "Na bakuli nzima, ulizikuta?"

Sikuzikuta. Makaburi ya kale ya Pwani, kutoka Lamu hadi huku kwetu, yalipambwa kwa sahani na bakuli nzima, na nyingi ziling'olewa. Mahali pake pamebaki mashimo ya mviringo katika chokaa. Hakuna mzimu uliofanya hivyo. Walikuwa watu wenye patasi na wanunuzi waliokuwa wakingoja. Hicho ni kisa cha upelelezi kisichomalizika, na majibu yake mengine yamo katika makabati ya nyumba za watu.

Bibi akanyoosha kiganja mbele yangu, kama anavyofanya mtegaji. "Nipe mji."

Sina mji wa kumpa. Nina maombi matatu. Kwa watengenezaji wa televisheni wa Kenya na Tanzania: Bwana Msa amengoja zaidi ya miaka 60. Mchukueni mumlete, mumtie sauti za watu wa Pwani na mumwache atembee katika magofu halisi. Kwa kampuni zinazotuletea tamthilia za China: leteni na hizi za mafumbo kwa Kiswahili, ili bibi asiyesoma Kiingereza asitegemee likizo ya mjukuu. Na kwako msomaji: ukifika Wasini, tazama na using'oe. Ukiwa na kipande au bakuli iliyotoka kaburini, hata kama ulirithi, ipeleke kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Zipo ofisi zake Fort Jesus, Mombasa. Turathi hizo zinalindwa na sheria ya mwaka 2006, na vile vipande vya nguzo ya Wasini ni miongoni mwa vichache vilivyobaki.